Mwaka Niliojiomba kwa Baba

Jumapili iliyopita tuliondoa matanga ya Baba. Kwetu Bujumbura tunaita kuganduka: mwaka umepita tangu maziko, ndugu wanakusanyika, wanakula na kunywa, mambo ya marehemu yanasemwa hadharani, halafu walio hai wanaruhusiwa kuendelea na maisha yao. Nilidhani nimejiandaa. Nilikuwa nimelia vya kutosha, tena mimi ni mkunga, nimezoea kuyazuia machozi mpaka kazi iishe. Lakini vijana walipoanza kuingiza makreti ya vinywaji, nikaona kreti moja ya Fanta imewekwa peke yake mbele ya kiti cha Baba mkubwa, nikacheka kwa sauti. Watu wakageuka. Binti wa marehemu anacheka, tena mbele ya padri! Baba mkubwa, kaka yake Baba, ambaye siku hizi macho yamepungua na anatembea kwa mkongojo, akainua kidole akasema, "Mumuache. Iko na sababu yake." Kisha na yeye mabega yakaanza kumtikisika. Jioni wajukuu walinizingira wakitaka kujua kulikuwa na nini cha kuchekesha kwenye Fanta, nikawaambia ni hadithi ndefu. Ndiyo hii.

Habari za ukoo wetu na nani alimzaa nani zitangoja. Mwaka ninaoutaka ni ule niliokuwa na miaka kumi na minane, tukiishi wawili tu, mimi na Baba, kwenye nyumba ya serikali ya zamani huko Ngagara, zile zilizopangwa kwa mistari na kupewa namba kama wanafunzi. Sebule yetu ilikuwa na viti vinne vilivyofunikwa vitambaa alivyofuma Mama kabla hajafa, na pazia la kijani lililotenganisha sebule na korido. Pazia hilo lilikuwa jembamba. Karibu yote niliyoyajua kuhusu watu wazima niliyajua kupitia pazia lile. Baba alikuwa karani wizarani. Kutwa nzima alikuwa akipiga mihuri na kusaini karatasi za watu asiowajua, na watu walimsifu kwamba hacheleweshi. Lakini karatasi ikitoka nyumbani mwake, hasa ikiwa na jina langu juu yake, aliiangalia, akaikunja, akaiweka chini ya redio, akasema, "Tutaona." Safari ya shule, tutaona. Kitambulisho, tutaona. Sijawahi kumsikia akisema hapana. Angesema hapana ningegombana naye, na kugombana nilikuwa nakuweza sana. Ila utagombana vipi na mtu anayekujibu tutaona huku akisukuma ndagala, dagaa wa kwetu, wale wakubwa wa sahani yake, waje upande wako?

Hivyo ndivyo nilivyokosa nafasi ya shule ya wakunga mara ya kwanza. Nilikuwa nimefaulu, jina langu lilibandikwa ukutani, nikarudi nyumbani nikikimbia. Shule ilitaka saini ya mzazi, maana kwa sheria yetu mtu ni mtoto mpaka atimize miaka ishirini na moja. Baba alisoma, akanipongeza kwa moyo wote, akaninunulia hata viatu. Karatasi ikaenda chini ya redio. Siku ya kufungua shule ikafika, ikapita, na nafasi yangu akapewa msichana mwingine. Nilikasirika kwa namna ambayo hata leo sijaisahau. Jioni zote giza likiingia alifunga geti kwa kufuli, akaja kuketi, akauliza kama nimeshiba. Nilikuwa namjibu kwa kichwa tu.

Mwaka ule basi, badala ya shule, nilikwenda kuuza vitenge katika duka la Mama Zuhura, Buyenzi. Mama Zuhura alikuwa wa zile familia zenye asili ya Omani ambazo zimekaa mjini kwetu mpaka zimesahau kwamba zilitoka mahali pengine; babu yake ndiye aliyefungua duka, na yeye hakuwahi kuvuka hata mpaka wa Uvira. Alikuwa mnene, mcheshi, mkali kwa wateja wanaofunua majora bila kununua. Mchana tulikula nyuma ya duka, kwenye chumba kilichonukia udi na kitambaa kipya: wali, samaki wa mukeke wa kukaanga, pilipili ya kusaga, na Ijumaa pilau. Mimi Mkatoliki nilikula pilau ya Ijumaa kwa bidii kuliko Waislamu wenyewe. Redio haikuzimwa kamwe. Na siku moja, tukiwa tunakunja vitenge, mama mmoja redioni akaanza kueleza sheria za familia. Alisema mtoto aliyefikisha miaka kumi na minane anaweza kutolewa chini ya mamlaka ya wazazi kabla ya wakati, ajisimamie, asaini mambo yake mwenyewe. Njia ni mbili. Ya kwanza ni ndoa: ukiolewa tu, umetoka. Ya pili ni hakimu. Mama Zuhura akanisukuma na kiwiko.

"We Konso, umesikia? Unaweza kutoka kwa baba yako bila mume!"

"Bila mume?" mteja mmoja akashangaa. "Sasa anatoka anaenda wapi?"

"Anaenda masomo, mama. Kwani muko na lazima ya kuenda kwa mutu?"

Nikawanyamazisha wote wawili kwa mkono, kwa sababu mama wa redioni alikuwa bado hajamaliza, na kilichobaki ndicho kilichonivunja moyo. Ombi kwa hakimu, alisema, linapelekwa na mzazi mwenyewe. Yaani ili nitoke mikononi mwa Baba, Baba ndiye aende akaombe nitoke. Ni kama kumwomba zamu, mlinzi wa geti, akusaidie kuruka ukuta anaoulinda. Hata hivyo usiku ule ule nilijaribu. Nilipakua maharage, nikangoja ale kidogo, nikamweleza yote, na neno lenyewe la Kifaransa, émancipation, nikalitamka vizuri kama lilivyosemwa redioni. Baba alitafuna polepole. Alinywa maji. Unajua alichojibu.

Jumamosi iliyofuata Baba mkubwa alikuja kutoka Kanyosha, akiwa na maparachichi na muhogo wa shamba lake kama kawaida yake. Niliwapelekea chai, nikarudi korido, na pazia likafanya kazi yake. "Muoze," nilimsikia Baba mkubwa akisema. Alikuwa mtu wa sauti. Hata siri zake zilisikika mtaa wa pili. "Akiolewa, sheria inamufungulia yenyewe, na we unapumzika. Kuko kijana moja kule kwetu, iko na duka ya sima ya kujengea nyumba. Mutu muzuri." Baba akajibu kwamba mtoto anataka masomo. "Sasa si umusainie aende?" Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe, na Baba hakuwa mtu wa kutia sukari.

"Mukubwa, mi sisainie tena kitu ya mu nyumba yangu," akasema hatimaye. "Ile karatasi ya hospitali bado naiona. Walinipa kalamu, wakasema, saini hapa, tumupasue haraka. Nikasaini. Asubuhi wananirudishia nguo zake mu sashe ya plastiki. Ni uyu mukono ulimupeleka. Sitaki upeleke na mutoto."

Nilibaki nimesimama na sinia tupu kifuani. Miaka yote nilidhani ni ubahili wa moyo, au uzee, au dharau kwa sababu mimi ni msichana. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Mama aliingia chumba cha upasuaji kwa saini ya Baba. Nilimhurumia, na papo hapo nikagundua kwamba huruma hainifikishi shuleni. Hasira yangu yote ilikuwa imepoteza pa kukaa, na nafasi ya mwaka mpya ilikuwa inakaribia, jina langu likiwa bado kwenye orodha ya waliofaulu. Safari hii nikikosa, wananifuta. Na kijana wa sima alikuwa anangoja Kanyosha na uzuri wake.

Jumatatu nilimweleza Mama Zuhura, nikilia juu ya jora la kitenge cha watu. Alinisikiliza, akaniondolea jora kwanza, ndipo akafikiri. "Baba yako ukimuuliza mwenyewe atasema tutaona mpaka siku ya kiyama," alisema. "Mutu kama uyo wanamuuliza mbele ya watu, na kinywaji." Hapo lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Neno zito huwa haliendi mkono mtupu. Linakwenda na vinywaji na msemaji, na vinywaji vile havifunguliwi mpaka mwenye nyumba ajibu. Akikubali, anafungua chupa ya kwanza kwa mkono wake. Akikataa, wageni wanabeba makreti yao na kurudi nayo, na barabara nzima inaona. Kitu kimoja tu hakiwezekani, nacho ni kuwaacha wageni na kiu yao ukawaambia tutaona. Mama Zuhura alimpata msemaji, kaka yake, Mzee Seif, fundi saa mstaafu aliyejua Kirundi cha mafumbo kuliko Warundi wengi. Kisha akatuma salamu kwa Baba: Jumapili mutapata wageni, wako na neno juu ya Konso.

Sasa, kwetu neno kama hilo lina maana moja. Wageni wanaokuja na kinywaji juu ya binti wamekuja kumposa. Mama Zuhura aliapa mpaka kufa kwake kwamba hakujua watu watalielewa hivyo. Sikuwahi kumwamini, Mungu amrehemu. Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa, mpaka asubuhi ya Jumapili nilipomwona mke wa Baba mkubwa anaingia na mvutano mkononi, lile vazi la heshima tunalofunga begani siku za sherehe, akinipigia vigelegele mlangoni. Jikoni kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, ndizi, nyama ya mbuzi. Baba alikuwa amenyoa na kuvaa tai ya wizarani. Nilijaribu kusema, "Mama mukubwa, siyo hivyo," akanijibu, "Wote tulisema siyo hivyo, mwanangu, kaa nikufunge." Nikaona Baba anapanga na kupanga upya vile viti vinne, na nikajua kwamba naye anaogopa. Hata hapo alikuwa anadhani amekuja mtu kunichukua.

Mzee Seif aliingia na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, Mama Zuhura nyuma yake, na dereva wa teksi akibeba makreti. Baba mkubwa aliyahesabu kwa macho na uso ukaanguka. Fanta tupu. Aliniambia baadaye kwamba alijifariji: wakwe Waislamu, tufanye nini. Mzee Seif akaanza kwa kuzunguka, kama inavyotakiwa. Akasifu ziwa, akasifu mvua, akaisifu nyumba ambayo taa yake inaonekana mpaka Buyenzi, akasema wamesikia humo ndani mnakaa binti mwenye mikono mizuri, na kuna mtu anayemtaka kiasi cha kukosa usingizi. Nyuma ya pazia Mama mkubwa alinifinya kwa furaha. Baba mkubwa, aliyekuwa msemaji wa upande wetu, akajibu kwa mapambo yake, kisha akashindwa kuvumilia.

"Sawa, mzee, tumesikia. Kijana mwenyewe iko wapi? Ama ni uyu wa teksi?"

Dereva akaruka kama aliyemwagiwa uji. "Apana, apana! Mi niko na bibi!"

"Anayemuomba binti iko ndani ya nyumba yenu," Mzee Seif akasema kwa utulivu. "Tena iko nyuma ya ile rido. Konsolata amekuja kujiomba kwa baba yake."

Baba mkubwa akalipuka: mutoto anajiomba? Imetokea wapi? Na bila hata bia moja! Alikuwa amesimama, koti mkononi, na wageni nao wakaanza kuinuka. Nikaona mambo yanaharibika. Nikalisukuma pazia nikatoka na mvutano wangu, nikapiga magoti mbele ya Baba kama bibi harusi anavyofanya. Kwenye posa za kwetu huitwa binti akaulizwa mbele ya wote kama anawajua waliokuja. Baba alikuwa mtu wa utaratibu, na nadhani utaratibu ndio uliomsaidia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Aba watu, unawajua?"

"Nawajua, Baba. Na uyu anayeniomba namujua kabisa. Ni mutoto wako. Anataka kuenda masomo ya kuzalisha, anarudi kulala hapa. Hakukimbii." Nikaona bora nimalize yote. "Nikikosea, nataka nikosee mi mwenyewe, isiwe mukono wako. We hukumuua Mama. Ulisaini juu ulitaka apone. Mi sikukasirikii kwa ile. Lakini niachilie, Baba."

Baba mkubwa alikaa chini polepole na koti lake mapajani. Machozi yalikuwa yanamtoka Baba bila yeye kuyafuta, mwanamume mwenye tai, mbele ya wakwe wasiokuwepo. Nilijua ukiisha ule wakati atasema lile neno lake, nililiona linakuja mdomoni. Akafungua kinywa. "Tuta..." akasema, na macho yake yakaangukia makreti, chupa zikingoja, na watu wote wakizitazama. Akafunga kinywa. Akanyoosha mkono upande wa pazia, kwa mke wa Baba mkubwa, akaomba kifungulio. Chupa ya kwanza ilimshinda, ya pili pia, mpaka Fanta ikamwagikia tai. Lakini alifungua yeye. Akampa Mzee Seif, akampa Mama Zuhura, ya tatu akanipa mimi, na vigelegele vya Mama mkubwa nadhani vilisikika mpaka ziwani, ingawa mpaka leo anadai hakuelewa anashangilia nini.

Mahakamani hapakuwa na sherehe yoyote. Chumba kidogo, mabenchi, feni isiyozunguka, na hakimu mwanamke mwenye mafua. Alimuuliza Baba kwa nini anaomba mtoto wake atolewe chini yake mapema hivi. Baba akasimama wima. "Nimeombwa vizuri, mbele ya watu," akasema. "Nimekubali. Siwezi kurudi nyuma." Hakimu akataka pia kumsikia mtu wa ukoo, na Baba mkubwa akaja mbele na koti lile lile. Alisema yeye binafsi anaona jambo hili ni ujinga mtupu, kwamba dunia imeharibika, kwamba kuna kijana mzuri sana Kanyosha. Hakimu akauliza: kwa hiyo unapinga? Baba mkubwa akashusha pumzi. "Ningepinga, mama. Lakini ile Fanta nilikunywa." Hakimu alicheka mpaka akatafuta leso. Wiki chache baadaye nilikuwa mtu mzima kwa amri ya mahakama, na karatasi ya shule ya wakunga niliisaini kwa jina langu refu lote, nikibonyeza kalamu mpaka ikatoboa. Geti letu liliendelea kufungwa jioni. Tofauti ni kwamba nilipewa ufunguo.

Nilidhani mwaka umeishia hapo, na ungeishia hapo ungenitosha. Lakini kabla haujakwisha niligundua kwa nini Baba alikuwa anakaa kwa kuinamia upande mmoja. Nilikuwa nimeanza kusoma mwili wa binadamu, macho yangu yalikuwa yamefunguka, na jioni moja nilimbana mpaka akasema: alikuwa na ngiri ya siku nyingi, ilikuwa inamuuma, na daktari alishamwambia apasuliwe. Yeye alishamjibu daktari. Safari hii neno lile, tutaona, nililisema mimi kabla yake, akatabasamu kwa uchungu, na kulipopambazuka tukaenda. Hospitali ilikuwa ile ile. Korido ile ile, harufu ile ile ya dawa ya sakafu, na Baba ananyoosha mguu mmoja mmoja kama mtu anayetembea kwenye maji. Muuguzi alikuja na karatasi akataka, pamoja na saini ya mgonjwa, saini ya mtu mzima wa familia. Baba mkubwa, aliyetusindikiza, akanyoosha mkono. Baba akamzuia.

"Apana, Mukubwa. Atasaini Konso."

"Uyu si bado mutoto?" muuguzi akauliza.

"Apana. Niliombwa, nikamutoa." Akanigeukia. "Saini, mwana wanje, mwanangu. Mi nimekubali."

Ninakiri niliogopa. Nilielewa kwa mara ya kwanza uzito wa ile kalamu, na kwa nini mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kutaka kuigusa tena. Nikasaini. Wakamwingiza. Baba mkubwa na mimi tulikaa kwenye benchi tukila parachichi kwa chumvi. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani walipomtoa, mdomo mkavu, macho mazito, mzima. Ningeweza kuandika mambo mengi kuhusu miaka iliyofuata, jinsi alivyoishi mpaka akazeeka na kuwashika watoto wangu, na jinsi alivyobaki kuwa mtu wa tutaona katika kila jambo lisilohusu karatasi. Lakini ninachokumbuka zaidi ni pale kitandani. Alipapasa shuka mpaka akanipata.

"Mukono wenyewe ni uyu?"

"Ni uyu, Baba."

Akaugeuza, akautazama, akaushika vizuri, na akalala tena bila kuuachia.